Kona ya Mzee wa Kibanda: Muvi ya kutisha ikirudiwa kwa vichekesho

Wadau za masiku. Toleo lililopita nilidondosha mistari michache tu kuhusu hizi muvi za kutisha za zamani ambazo watu wanazirudia upya afu wanazitia vichekesho, damu inamwagika na we unacheka, nikasema mwenye swali alete. Nilikuwa napiga stori tu bwana. Meseji zimemiminika kama vile hela za korosho zimeingia, mpaka mama watoto kaniuliza hao wanaonitumia ujumbe saa sita za usiku ni akina nani. Nimechagua hizi. Yule jamaa wa Chikongola aliyetukana, yako nimeisoma na nimeifuta.

Kwa wageni wa kona hii, naitwa Mzee wa Kibanda kwa sababu miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa na banda la video hapa Mtwara, mitaa ya Magomeni, mabenchi ya mbao, tivii ya inchi ishirini na moja, deki moja, na jenereta ya kuazima. Muvi nyingi nimezijulia pale, na kusema kweli nilikuwa naangalia sura za watu kuliko kioo.

Shikamoo Mzee. Mimi fundi simu huku Lindi mjini. Niliwekewa kwenye flashi Evil Dead ya kwanza nikaiangalia usiku peke yangu, nikalala taa inawaka. Wiki iliyofuata nikachukua ya pili nikijua ni mwendelezo, nashangaa jamaa yuleyule anaenda tena porini kwenye nyumba ileile kama vile hajawahi kufika, demu wake jina lilelile ila sura nyingine, afu baadaye mkono wake mwenyewe unampiga masahani ya kichwa. Nilicheka mpaka mteja akaondoka na simu yake. Nimepigwa?

Marahaba mwanangu. Hujapigwa, na huyo aliyekuwekea mpe heshima yake maana kakuwekea mzigo halisi. Ya kwanza ni ya 1981, dairekta Sam Raimi akiwa kijana mdogo tu na marafiki zake, mmojawapo huyo huyo Bruce Campbell unayemuona anapigwa masahani, walijichimbia porini Tennessee na hela ya kuchangisha. Ya pili ikaja 1987. Walitaka waanze na vipande vya ile ya zamani ili kukumbusha watu, sasa haki ya kuvitumia vile vipande hawakuipata, wakaona isiwe tabu, wakaurudia mkasa wote upya ndani ya dakika chache ndo wakaendelea mbele. Kwa hiyo ulichoangalia ni mwendelezo na marudio kwa pamoja, na ndo maana watu wanaikosea mpaka leo.

Ila cha kuangalia pale ni ule mkono. Jamaa yuko jikoni peke yake, hana adui mwingine zaidi ya kiganja chake, kinamvuta nywele, kinamgongesha kichwa kwenye sinki, kinamvunjia sahani moja baada ya nyingine, na Campbell anajirusha sakafuni kama mtu anayepigana na walevi watatu. Raimi kakulia kwenye vichekesho vya Three Stooges, vile vya makofi na kutiana vidole vya macho, na pale unaviona vyote ila vimelowa damu. Mwishoni anaukata kwa chensoo, anaufunika na ndoo, anaweka vitabu juu usitoke, na kitabu cha juu kabisa ni cha mwandishi Hemingway, A Farewell to Arms, yaani kuziaga silaha, sasa kwa Kiingereza silaha na mikono ni neno moja. Sisi kibandani hayo ya Kiingereza hayakutufikia, tulicheka ndoo.

Unajua kichekesho kingine ni nini? 2013 wakairudia tena, dairekta Fede Álvarez kutoka Uruguay, Raimi na Campbell wenyewe wakiwa maprodyuza, safari hii utani wameutoa wote, ni damu na kilio mwanzo mwisho. Mashabiki wakagawanyika. Waliokuja kutishwa walitoka wameridhika, waliokuja kumuona Campbell wakasubiri weee mpaka majina yanapita, ndo katokea sekunde chache kasema neno lake moja kaondoka. Mimi nilikuwa kundi la pili.

Habari kaka. Mimi mama wa watoto wawili, naishi Ligula. Mwanangu wa kiume yuko fomu three, nimemkuta anaangalia muvi mtu anakatwa kichwa na yeye anacheka mpaka machozi. Namuuliza anasema mama hii ni komedi. Kaka nimeogopa. Ana roho mbaya au kuna kitu kimemwingia?

Salama dada, pole na mshtuko. Hakuna kilichomwingia. Nikuulize kwanza, we hujawahi kukaa msiba wenye watani?

Mimi nimemzika mjomba wangu Nanyamba, mtu mzito, mkali, mwenye kikohozi chake cha kuonya watu kabla hajaingia uani. Siku ya mazishi watu wamevimba macho, mara mtani wake katoka ndani kavaa koti la marehemu, lile lile la kaki, kashika na fimbo yake, kakohoa kile kikohozi. Uwanja mzima ukashtuka, wengine wakainuka kabisa. Afu akaanza kudai chenji ya mia tano ambayo marehemu alikuwa anaidai dukani tangu enzi, kazunguka kwa kila mfiwa na mkono mbele, kumaliza hapo kaenda kujilaza kaburini kasema hatoki mpaka alipwe. Shangazi yangu ambaye alikuwa hajala siku mbili alicheka mpaka kanga ikamdondoka, na katikati ya kucheka akalia upya, kilio kizuri kuliko cha mwanzo. Hakuna aliyesema yule mtani ana roho mbaya. Lakini angekuja mtu baki tu kutoka barabarani akafanya vile angetoka pale na meno machache.

Sasa hizi muvi ndo hivyo hivyo dada. Ile ya zamani ni marehemu, mashabiki ndo wafiwa, na dairekta anayekuja kuirudia kwa vichekesho watu wanamwangalia kwanza usoni, huyu ni mtani au ni mpita njia. Chukua Young Frankenstein ya Mel Brooks, 1974, yeye na Gene Wilder walikaa wakaandika kichekesho juu ya Frankenstein ya 1931, ile ambayo Boris Karloff alikuwa zimwi. Waligoma kabisa kuipiga kwa rangi, wakataka nyeusi na nyeupe kama ya zamani, studio ya kwanza ikakataa, wakabeba karatasi zao wakaenda nyingine. Na ile mitambo ya maabara inayotoa cheche, iliyotengenezwa na Kenneth Strickfaden kwa ajili ya ile ya 1931, mzee alikuwa bado anayo kaihifadhi kwake, wakamfuata wakaitumia hiyohiyo. Yaani koti la marehemu kabisa. Wapenzi wa ile ya zamani wakaipokea kwa mikono miwili, mpaka leo unakuta mtu anazo zote mbili pamoja.

Kwa mwanao, kaa naye uangalie moja nzima. Kama anacheka kichwa kinavyoruka kama dafu na kofia bado iko juu, mwache. Kama anachekea mtu anayeomba asamehewe, hapo zungumza naye. Na zipo ambazo sio za fomu three hata kidogo, hizo flashi unaichukua unaiweka kabatini, akinuna anune.

Mzee wa Kibanda tuamulie, kijiwe chetu cha bodaboda hapa Masasi kimegawanyika. Mimi nasema Chucky mpya ya 2019 kali, inachekesha na inatisha. Wenzangu wanasema ni matusi kwa Chucky orijino. Kwani mdoli si mdoli tu? Hasira zote za nini?

Mdoli si mdoli tu, na wenzako wana hoja ingawa najua utachukia. Child's Play ya 1988, ndo hiyo Chucky orijino, dairekta Tom Holland (sio yule dogo wa Spider-Man, huyu ni mzee mwingine), mle ndani kuna roho ya muuaji kaingia kwenye mdoli kwa uganga, ana matusi yake, ana kisirani chake, sauti ya Brad Dourif. Hiyo ya 2019 mdoli ni mashine, kiwandani kuna mfanyakazi kafukuzwa kazi kwa hasira kamtolea vizuizi vyote vya programu, ndo kaanza kuharibu, sauti ya Mark Hamill. Kama wazo ni zuri tu, linachekesha kwa sababu mdoli hajui kwamba anakosea, anaona watoto wanacheka mtu akichinjwa kwenye tivii na yeye anaenda kujaribu ili kumfurahisha rafiki yake.

Tatizo liko kwingine. Don Mancini, aliyeandika ile ya kwanza, hajafa na wala hajaacha kazi, alikuwa anaendelea na Chucky wake uleule na Dourif wake uleule, na 2021 akaja na tamthilia iliyokwenda sizoni tatu. Haki za kuirudia ile ya kwanza zilikuwa studio moja, zile za mwendelezo ziko kwingine, ndo ikatokea Chucky wawili kwa wakati mmoja. Sasa mwenye mji yupo ndani anakunywa chai, nyie mmekaa barazani mnamsomea hitma, unategemea watoto wake watacheka?

Afu angalia mtu aliyefanya kwa adabu. Fright Night ni ya huyohuyo Tom Holland, 1985, kijana anagundua jirani yake ni vampaya. Wakairudia 2011, vampaya akawa Colin Farrell, anakula tufaha getini anaongea na majirani kama fundi bomba mwenye maneno mengi. Chris Sarandon, vampaya wa ile ya zamani, wakamwita, wakampa kipande cha dereva anayepita usiku barabarani, na vampaya mpya anamla. Mzee kakubali kuliwa na kijana mbele ya kamera! Hiyo ndo inaitwa kuomba hodi. Hela haikuingiza sana lakini mashabiki wengi wa zamani hawakununa.

Kwa hiyo kijiwe kiendelee kugawanyika. Ila hiyo ya 2019 umesema kali, mimi nasema ya wastani.

Za kwako Mzee. Mimi binti wa Nachingwea. Tumebishana na kaka yangu mpaka mama kaingilia. Nimeangalia Little Shop of Horrors ile ya kuimba, mwisho steringi anaua mmea wanaoana wanaishi vizuri. Yeye anasema kaiona ileile ila steringi na mchumba wake wote wanaliwa na mmea na dunia ndo basi tena. Nani mwongo?

Salama mwanangu, hakuna mwongo, mikanda ni miwili, na hapa umenigusa penyewe.

Ya kwanza kabisa ni ya Roger Corman, 1960, nyeusi na nyeupe, kaipiga siku mbili na usiku mmoja kwenye seti iliyobaki ya muvi nyingine, Jack Nicholson akiwa bado hajulikani yumo kama mgonjwa wa meno anayefurahia kung'olewa. Kijana muuza maua kalea mmea, kumbe mmea unakula watu. Ikapita. 1982 ikawa mchezo wa jukwaani New York, wa nyimbo, na jukwaani mmea unawala wote, steringi, mchumba, kila mtu, na watu wanatoka wanaimba. Ndo 1986 Frank Oz, yule mwenye sauti ya Yoda wa Star Wars, akaitengeneza muvi hiyo uliyoiona, na akaifuata ile ya jukwaani vilevile, mmea unamla mchumba Audrey, unamla steringi Seymour, afu mimea inakuwa mikubwa kama maghorofa inatembea mjini inavunja madaraja inapanda mpaka juu ya ile sanamu kubwa ya New York. Wamejenga majengo madogo ya kuchezea, wamehangaika nayo mnoo.

Wakaipeleka mji wa San Jose, Marekani, kuwaonyesha watu wa kawaida kabla haijatoka. Kila wimbo ukiisha watu wanapiga makofi. Makofi, makofi, makofi. Steringi na mchumba wakafa, ukumbi ukawa kimya, Oz mwenyewe alisema ulikuwa kama friji. Watu wakajaza karatasi za maoni kwa hasira. Ikabidi mwisho ule mzima utupwe, wakapiga mwingine, ndo huo wako wa harusi. Ule wa kaka yako ulikaa kabatini mpaka 2012 ulipotoka kwenye diski ukiwa umesafishwa, na sasa wapo mashabiki hawataki kusikia wa harusi kabisa, wanasema ule wa kuliwa ndo muvi yenyewe. Binadamu bwana.

Sababu aliyoitoa Oz naikubali asilimia mia, kwamba jukwaani msanii akiliwa na mmea, pazia likifungwa anatoka anainama watu wanampigia makofi, unaona kumbe mzima. Kwenye muvi akifa kafa, hatoki kukuaga.

Mimi hili nilifundishwa na mvuvi wa Mikindani. Kuna siku banda limejaa, nimeweka muvi mpya, sikuiangalia kabla, na dakika ya mwisho steringi akapigwa risasi akafa kweli, majina yakaanza kupita. Kimya. Mvuvi akasimama juu ya benchi, kashika ming'oko yake kwenye gazeti, kaniambia rudisha mia mbili yangu, steringi hafi, huyo mliyemuua sio steringi, wa kweli mmemkata. Kanishutumu nimekata mkanda ili jenereta isile mafuta! Watu wote wakawa upande wake. Nikaweka ya kungfu bure kabisa mpaka saa tano usiku, mafuta yangu mwenyewe.

Kwa hiyo wa San Jose na wa Mikindani ni ndugu. Msuluhishe na kaka yako muangalie mikanda yote miwili siku moja, anzeni na wake.

Mzee mimi niko Nanyumbu, kijiji jirani na mto Ruvuma. Mama mkwe alikuja kututembelea nikaona nimchangamshe, nikamwekea Piranha ya 2010, ile samaki wanakula watu ziwani, sisi tunacheka tunagonga mikono, yeye katoka nje hajarudi mpaka imeisha. Mke wangu kaninunia siku tatu. Nimekosea wapi?

Umekosea kila mahali. Kwanza ile muvi ina watu uchi nusu ya muda, unamwekea mama mkwe? Na wewe umeshika rimoti?

Tuyaache hayo. Ile ni rimeki ya Alexandre Aja juu ya Piranha ya Joe Dante, 1978, ambayo nayo ilikuwa inaitania Jaws ya 1975, ndo maana mtu wa kwanza kuliwa ni Richard Dreyfuss kavaa kama alivyokuwa kwenye Jaws, yuko kwenye kimtumbwi chake anavua. Utani juu ya utani. Mashabiki waliokulia na Jaws waliupenda mnoo ule mwanzo. Lakini mama mkwe wako Jaws haijui, anachokijua ni mto. Piranha hawapo Ruvuma, mamba wapo. Kule kwenu kila ukoo una jina la mtu aliyeenda kuchota maji. Kwako wewe pale kwenye kochi ni samaki wa kompyuta, kwake yeye ni mtu yuko majini anavutwa chini.

Na kwa simba nako hivyohivyo, jaribu kumletea mzee wa Rufiji au wa vijiji vya Lindi komedi ya simba. Craig Packer na wenzake waliandika 2005 kwamba kuanzia 1990 simba walikuwa wameshaua watu wasiopungua 563 Tanzania, na huku kusini ndo kulikuwa kubaya, kisa nguruwe pori wanakula mazao, mkulima inabidi alale dungu shambani msimu wa mavuno, simba anamfuata nguruwe anamkuta mkulima. Mtu aliyelala dungu miaka ile usimwambie simba wa muvi kateleza ganda la ndizi.

Nenda kwa mama mkwe, peleka kilo ya sukari na kanga, usiitaje hiyo muvi tena maishani mwako.

Kaka, nipo Kilwa Masoko. Mbona muvi ya kutisha ikishatafsiriwa na DJ inachekesha kuliko komedi yenyewe?

Kwa sababu DJ ndo rimeki yetu ndugu yangu. Sisi hatukuwa na kamera, tulikuwa na maiki. Lufufu kwetu hapa, DJ Afro kule Kenya, hao watu wamechukua muvi za watu wamezigeuza nyingine kabisa bila kukata hata picha moja. Kijana niliyekuwa namlipa kutafsiri pale bandani, kumbe alikuwa hajui Kiingereza, tulikuja kugundua baadaye. Ikija ile ya padri anatoa pepo, padri anaongea kama mtendaji wa kijiji anasoma wadaiwa wa mchango wa madarasa, na pepo anajibu mimi nimeshalipa, risiti ninayo. Kichwa cha msichana kinazunguka na banda zima limelala chini kwa kucheka. Nimekuja kuiangalia ile muvi utu uzima, bila DJ, peke yangu. Sikumaliza.

Shikamoo Mzee wetu. Sisi ni vijana wanne hapa Newala, tuna simu moja yenye kamera nzuri na tripodi. Tunataka tuirudie ile Nsyuka ya zamani ya Bongo lakini iwe ya kuchekesha, zimwi litokee kipindi cha mnada wa korosho. Tunaruhusiwa? Na damu tunatengenezaje, bajeti ni ndogo sana.

Marahaba wanangu, hii ndo meseji niliyoipenda kuliko zote. Nsyuka ni ya Mussa Banzi, ina mwenyewe, kwa hiyo mkitaka kuirudia hiyohiyo mnaomba ruhusa kwa mwenye haki, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo na COSOTA, wale wasimamizi wa hakimiliki, wapo, na mkitaka kuionyesha ukumbini kwa kiingilio mpite Bodi ya Filamu. Msijifanye Wajerumani wa 1922, walichukua kitabu cha Dracula wakabadilisha majina wakaita Nosferatu bila kuomba, mjane wa mwandishi akawashtaki, mahakama ikaamuru mikanda iharibiwe, imepona kwa bahati tu. Bora mtunge zimwi lenu. Au kama ni mazombi mnataka, ile Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, Marekani haina mwenyewe, wasambazaji walibadilisha jina la muvi wakasahau kurudisha ile alama ya hakimiliki, ikawa shamba la wazi, kila mtu kaingia na jembe lake.

Simu moja inatosha. Wajapani mwaka 2017 walitoa One Cut of the Dead, dairekta Shinichirou Ueda, bajeti ya yeni milioni tatu, ambayo kwa wenzetu ni hela ya chai, dakika 37 za mwanzo kamera haikatwi hata mara moja, mnaona watu wanakosea kosea mnadhani muvi mbovu, kumbe nusu ya pili inakuonyesha kila kosa lilitokana na nini, na hapo ndo mbavu zinavunjika. Wafaransa wakairudia 2022, Michel Hazanavicius, ikafungua tamasha la Cannes, hela mara nyingi zaidi. Mashabiki wa Kijapani na wengine wengi wakauliza kulikuwa na haja gani, miaka mitano tu. Ila walimchukua yule mama aliyeigiza prodyuza kwenye ile ya Kijapani, Yoshiko Takehara, akacheza nafasi yake ileile, na kila akitokea ukumbi unalainika.

Na nyie mna shule mlangoni, msiende kutafuta mbali. Midimu, wale wachezaji wa vinyago wa Kimakonde, wakitoka kaeni muangalie vizuri, mambo ya jando siandiki hapa, nasema tu kile ambacho kila mtu anakiona uwanjani. Lipiko, yaani huyo mwenye kinyago, linatoka na ile sura, nywele, mdomo una ndonya, linachechemea, watoto wanakimbia mpaka nyuma ya nyumba. Halafu linajifanya limejikwaa. Linacheza kilevi, linajipangusa vumbi makalioni kama bwana shamba, watu hoi. Na wakiwa katikati ya kucheka linageuka linawavamia tena, wanatawanyika upya na kelele zao. Hesabuni sekunde kati ya kucheka na kukimbia, hizo ndo muweke kwenye muvi yenu.

Damu sasa. Hitchcock kwenye Psycho, 1960, alitumia shira ya chokoleti lakini yeye alikuwa anapiga nyeusi na nyeupe, nyie mna rangi. Chemsheni sukari na maji mpaka iwe shira nzito, rangi nyekundu ya chakula, tone la kahawa iliyokolea ili isiwe nyekundu ya ubuyu, basi. Iacheni ipoe kwanza kabla hamjampaka mtu maana shira ya moto inaunguza. Na jambo moja nawaomba, najua mko Newala na najua msimu umefika na mabibo yamejaa chini ya kila mkorosho ya bure, mtashawishika mkamue. Maji ya mabibo yakigusa nguo hayatoki. Mdogo wangu tulimfanya maiti mwaka 1994 na shati la shule, fimbo alizokula kwa mama nazisikia mpaka leo.